Ngwe ya Luka

Waliosoma kwangu wanajua jambo moja: ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza na kuziba madirisha, mzee hasemeshwi. Naweka kalamu chini, nanyamaza, natega sikio mpaka upite. Wapo waliodhani ni uzee, wapo waliodhani nasali. Mmoja, ambaye siku hizi ni mkubwa wizarani, aliwaambia wenzake kwamba nasikiliza bei ya kahawa. Nilimwacha aamini hivyo, kwa sababu kwa mtu wa uchumi si uzushi mbaya. Sasa ninyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niwaandikie ya zamani, basi nitawaambia ninachosikiliza.

Mimi si mzaliwa wa hapa, ingawa nimezeekea Mbeya na mahali pa kaburi langu nimeshapachagua. Nilizaliwa Nyasa, ng'ambo ya mto Songwe, nikavuka nikiwa kijana kutafuta kazi ya ukarani. Kutoka ukarani nikaenda chuoni Uganda kusomea uchumi, nikarudi huku katika miaka ya hamsini kama mtafiti, na baadaye nikafundisha mpaka nywele zikawa nyeupe. Watu wa hapa waliniita Mnyasa, na wengine bado wananiita hivyo. Mwanzoni liliniuma. Siku hizi mtu akiniita kwa jina langu la shule ndipo nashtuka.

Baba yangu naye alivuka mito. Alikwenda migodini Sauzi nikiwa bado nabebwa mgongoni, asirudi. Kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita machona, aliyepotelea ugenini. Machona haliliwi, kwa sababu hajafa, wala hapikiwi, kwa sababu hayupo. Ndugu za baba walimnyang'anya mama shamba kwa hoja hiyo hiyo ya kwamba mwenyewe hayupo, akalima mashamba ya watu mpaka nilipoanza kupata mshahara. Nawaambia mapema ili mkifika kule mbele mjue kwa nini moyo wangu ulikuwa upande ule.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mgeni kuliko mimi. Alikuwa profesa wa Kizungu aliyekimbia kwao wakati wa vita, akiwa na koti moja ambalo alilivaa hata Kampala kwenye jua. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikitisha. Aliwahi kumwamkia mwenye hoteli kwa kumwambia kwaheri, na yule mwenye hoteli akaitika vizuri tu, akidhani ndiyo adabu ya kwao. Lakini alinipa kanuni moja ambayo sijawahi kuiacha. Aliniambia, "Ulichokiona kiandike upande huu. Ulichokisikia, upande huu. Unachofikiri kaa nacho kwanza, hakiozi."

Mimi nilikuwa na haraka ya kufikiri, kama ninyi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa huko Rungwe kwa Wanyakyusa, kuuliza habari za mifugo. Nikafika kwa mzee mmoja, zizi limejaa, ng'ombe wanalia mpaka hatusikilizani. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akasema hana. Nikaandika kwamba wazee wa Rungwe ni waongo. Jirani yake alikuwa na zizi tupu, majani yameota mlangoni, naye akasema ana ng'ombe wengi na wazuri. Nikaandika kwamba huyu ni mwongo zaidi. Jioni mwenyeji wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Kule mtu hawaweki ng'ombe wake wote kwake, anawatawanya kwa marafiki, na wa marafiki anawatunza yeye. Mwenye zizi tupu ndiye alikuwa tajiri. Nilichana karatasi nikaanza upya, na tangu hapo sikuamini tena kwamba kilicho mbele ya macho yangu ndicho kilichopo, wala kwamba kisichoonekana hakipo.

Hilo la pili nilidhani nimelielewa. Sikuwa nimelielewa hata kidogo.

Profesa alinituma Iringa kutazama mgowe. Kwa msiotoka nyanda hizi, mgowe ni kazi ya pamoja. Mwenye shamba anapika komoni, majirani wanakuja na majembe, kila mmoja anapewa ngwe yake, yaani ukanda wake wa kulima kutoka juu mpaka chini, na kazi ikiisha wanakunywa. Profesa alitaka kujua kwa nini mtu akatae kibarua cha mshahara kule kwenye misitu ya Mafinga halafu akalime kutwa kwa kibuyu cha pombe. Swali zuri. Nikashuka kwenye lori pale Nyololo, mzigo begani, saa mkononi, nikatembea mpaka kwenye kijiji ambacho jina lake nitaliacha.

Saa ile ilinitia aibu siku ya kwanza. Nilisimama kando ya shamba nikiitazama na kuandika, na mama mmoja akaja akanivua mkononi kama anamvua mtoto kofia, akanipa jembe. "Saa hailimi, Mnyasa," akasema. Nililima. Jioni walinijibu maswali yote ambayo asubuhi walikuwa hawayasikii. Basi, kijana, kabla hujafungua dodoso lako kwenye kompyuta ya mkononi, tafuta kwanza jembe liko wapi.

Mama huyo aliitwa Gaudensia. Alikuwa wa umri wangu, mama wa watoto watatu, ameolewa kanisani, msalaba wa bati shingoni. Mumewe Luka alikuwa amekwenda migodini miaka mingi nyuma. Mwanzoni zilikuja salamu kwa midomo ya waliorudi, kisha hata salamu zikakoma. Gaudensia hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mwimbaji. Akishika jembe tu, anaanza wimbo, na hauachi mpaka amefika mwisho wa ngwe. Nilimpenda kwa heshima, kama mtu anavyompenda dada aliyemkuta ukubwani.

Alichokuwa nacho ni kinyungu, shamba la bondeni lenye unyevu, ambalo watu wa Mufindi hulima wakati wa kiangazi wakati mashamba ya juu yamekauka. Mwenye kinyungu anakula mahindi mabichi na maharage wakati wenzake wanakwangua ghala. Bila kinyungu kile watoto wake wangelala njaa, ni rahisi hivyo.

Na kulikuwa na desturi. Mume akiwa mbali, siku ya mgowe mke anaacha ngwe moja kando ya ngwe yake. Ni ya mume. Ndugu za mume wanaleta jembe na kuilima kwa niaba yake, na nyumba inahesabiwa kuwa na mwenyewe. Ngwe ile ikibaki na magugu, majirani wote wakiona, basi ndugu wanaweza kwenda kwa jumbe na kusema mwenye nyumba hayupo tena. Wanachukua shamba, na wanamchukua mama pia.

Mwaka ule Dominiko, mdogo wake Luka, alikuja kwenye mgowe wa shemeji yake mikono mitupu. Alikaa juu ya kichuguu, blanketi mabegani, akasema wazi mbele za watu, "Mimi nimechoka kulima ya marehemu. Mwenye ngwe aje alime mwenyewe." Jirani haruhusiwi kuigusa ngwe ya mume wa mtu. Gaudensia alimtazama, akafunga kanga kiunoni, akapima ngwe ya Luka kwa hatua zake na kuiacha kando yake kama kila mwaka. Kisha akaanza kuimba.

Mimi siku hiyo niliruhusiwa saa yangu, kwa sababu nilikwisha kulima vya kutosha kwenye migowe mingine. Nilisimama chini kabisa, karibu na kijito, mbele ya ngwe ile ya Luka, maana hapo ndipo palikuwa na nafasi. Walimaji walianzia juu wakishuka kuelekea kwangu. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali. Kabla hawajafika kati ukungu ukaja.

Anayeujua ukungu wa Mufindi sina la kumweleza. Asiyeujua ajue tu kwamba niliinua mkono wangu na saa sikuiona. Walimaji hawakusimama. Katika ukungu mstari hauongozwi na macho, unaongozwa na masikio. Kila mmoja anamsikiliza wa kulia na wa kushoto asije akakita jembe kwenye mguu wa mtu. Nami nikafanya kazi yangu kwa sikio. Nilikuwa nimewazoea. Kulia kwangu alikuwa mama mmoja mwenye jembe jepesi la haraka. Kushoto alikuwa Gaudensia na wimbo wake. Na hapa mbele yangu, katikati yao, kulikuwa na jembe jingine.

Sikushtuka mara moja. Nilifikiri, Dominiko ameona haya, amechukua jembe. Nikafurahi hata. Nikalisikiliza kama nilivyosikiliza mengine. Lilikita mara tatu. Likatulia. Kisha kikaja kishindo kifupi cha mpini ukigongwa juu ya jiwe, kama mtu anayekaza jembe lililolegea. Baada yake kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu asiyetaka kusumbua wengine. Kisha tena, mara tatu. Lilishuka polepole kunijia. Kila lilivyokaribia, Gaudensia aliimba kwa sauti ya juu zaidi, mpaka nikaona anaharibu wimbo. Mwishowe lilikita karibu nami mpaka nikasikia harufu ya udongo mbichi na nikarudi nyuma mguu mmoja nisikatwe. Nikasema, "Kamwene." Ndiyo salamu yao. Hakuna aliyeitikia.

Ukungu ulipoinuka, mbele yangu hapakuwa na mtu. Gaudensia alikuwa ameegemea jembe, macho chini. Mama wa kulia alikuwa anajifuta jasho. Katikati yao ngwe ya Luka ilikuwa imelimwa mpaka miguuni pangu, magugu yamegeuzwa, udongo unatoa mvuke. Na Dominiko alikuwa bado juu ya kichuguu, blanketi mabegani, katika mkao ule ule. Mtaniuliza kama kulikuwa na nyayo. Watu walikimbilia kutazama, wakakanyaga kila mahali kabla sijapata akili ya kuangalia. Mtafiti mzuri angeangalia nyayo kwanza. Mimi nilikuwa bado namtazama Dominiko.

Siku hiyo komoni ilinyweka bila kelele. Kibuyu kimoja kilipita mkono kwa mkono, kikafika mahali kikamiminwa chini kidogo, kikaendelea. Hakuna aliyeeleza, nami nilikwisha kujifunza kutouliza.

Dominiko alikwenda kwa jumbe. Alidai majirani wamefanya hila na kulima ngwe isiyo yao, na akataka haki yake. Kila mlimaji aliapa kwamba hakutoka kwenye ngwe yake. Basi wakaniita mimi, nisiye na upande.

Baraza lilikaa uwanjani kwa jumbe, watu wamejifunika mablanketi. Jumbe alikuwa mzee mwenye subira, anavuta ugoro kabla ya kila swali.

"Wewe Mnyasa," akasema, "huna shangazi hapa wala mjomba. Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ulisimama pale pale. Nani alilima hii ngwe?"

"Sikuona mtu, baba. Niliona ukungu."

"Unaona," akasema Dominiko.

"Ulisikia nini?" akauliza jumbe.

Nilimfikiria profesa na pande zake mbili. Nilimfikiria na mama yangu. Ningeweza kusema sikusikia kitu, na ningeweza kusema nilisikia wanawake wakinong'ona. Nikasema lililokuwa kweli. "Nilisikia jembe."

Dominiko akacheka. "Jembe ya nani? Jembe zote ni chuma, zinalia sawa."

"Hazilii sawa," nikasema. "Hilo lilikita mara tatu, likatulia, mpini ukagongwa juu ya jiwe. Kila mara hivyo. Lilikuwa jembe lililolegea."

Kicheko kikamwisha. Wazee wawili wakatazamana. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba Luka alijichongea mpini mwenyewe akiwa kijana, akauchonga vibaya, na kila aliyewahi kulima naye alimtania kwa kule kuugonga gonga. Dominiko ndiye aliyemtania zaidi ya wote. Mimi sikuwahi kumwona Luka wala mpini wake.

"Haya, endelea," akasema jumbe kwa sauti ndogo.

"Akisha kuugonga, anakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu."

Hapo Dominiko aliruka akasimama. Alikuwa amepata mahali pa kushika. "Mmesikia? Huyu kafundishwa, kafundishwa vibaya. Kaka yangu hakukohoa. Mnamjua Luka wote, alikuwa na kifua ya ng'ombe dume. Alikohoa lini?"

Watu wakaguna. Ilikuwa kweli, walimjua. Nikaona kesi inaelekea kuanguka, na nikaona watoto wa Gaudensia wakiwa wamekaa mbele, mdogo amelala juu ya paja la mkubwa.

Nyuma ya watu alikuwa amekaa mzee Kaduma. Mzee huyo alikuwa mmoja wa wachache waliokwenda migodini Sauzi wakarudi. Alirudi na baiskeli na kofia ya chuma, na hakufanya kazi tena. Hakusimama. Alisema tu kutoka pale alipokaa, "Hata mimi, wakati naondoka, sikuwa nacho."

Kisha akakohoa. Kidogo, kikavu, kama asiyetaka kusumbua wengine. Kilikuwa kile kile. Nikajua kwamba uso wangu umewaambia watu wote kile ambacho mdomo haukusema.

Dominiko alishuka taratibu, akakaa, akavuta blanketi mpaka mdomoni. "Mimi siwezi kuchukua shamba," akasema, "kama mwenyewe bado analima." Alianza kulia, kijana mkubwa yule, na sikumwonea hasira tena. Jumbe alisema shamba lina mwenyewe, nyumba ina mwenyewe, na asije mtu akalileta neno hilo tena mbele yake. Wanawake wakapumua. Wawili watatu wakaanza kupiga vigelegele.

Viliwafia mdomoni. Gaudensia alikuwa amevua kilemba. Alikaa chini kwenye udongo mtupu, akanyoosha miguu mbele, akaweka mikono kichwani, namna wanavyokaa wafiwa.

Niliona bado sielewi. Nilimkaribia, nikachuchumaa. Nikamwambia, "Dada, umeshinda."

"Niliimba ili nisisikie, kaka," akasema. Alisema polepole, bila ukali wowote. "Kila mwaka naimba. Nilijua nisiposikia, yuko hai huko aliko. Mtu hai hawezi kulima kwetu na kuchimba kwao. Sasa wewe umesikia kwa niaba yangu."

Niliomboleza nao mpaka msiba ulipoanuliwa, nikala chakula cha matanga kama ndugu, na padri akaja kutoka upande wa Tosamaganga kusoma misa ya marehemu ambaye hakuna barua wala mtu aliyeleta habari ya kifo chake. Kinyungu kilibaki kwa Gaudensia. Watoto walikula. Yule mdogo alikuja kusoma darasani kwangu miaka mingi baadaye, na alikuwa mzuri katika hesabu.

Nilimpelekea profesa taarifa yangu. Saa za kazi, kiasi cha pombe, ulinganisho na kibarua cha msituni, yote yalikuwemo. Upande wa niliyoyasikia niliandika: jembe moja zaidi. Nilitegemea anifukuze. Alikaa na ukurasa ule kwa muda mrefu, kisha akavua miwani. Watu wake wote walibaki kule alikokimbia, na hakuwahi kuwataja hata siku moja. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake kile, "Inakuja na jembe tu? Mama yangu alikuwa na cherehani." Nikamwambia sijui, mwalimu. Akavaa miwani, akaendelea kusoma.

Likizo iliyofuata nilivuka Songwe kwenda kumwona mama. Nilimkuta shambani, asubuhi, ukungu umelala mpaka kwenye migomba. Nikamuuliza baba alikuwa analima vipi. Alishangaa, maana sikuwahi kumuuliza habari zake.

"Kwa mluzi," akasema mama. "Wimbo mmoja tu, na alikuwa anaukosea." Akanipigia kidogo, pamoja na pale alipokuwa anakosea, akacheka.

"Na ukilima kwenye ukungu, mama, unausikia?"

Aliacha kucheka. Nadhani alielewa kuliko nilivyokusudia. "Hapana, mwanangu," akasema. "Nasikia jembe langu tu." Kisha akainama akaendelea, na nikaona mgongo wake umekuwa mwepesi.

Mama amekwisha kufa. Mimi mwenyewe ni mzee, na hesabu naijua, niliifundisha. Baba yangu angekuwa na umri ambao binadamu hafikishi. Mtoto wa shule anaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni. Lakini niliwaambia kanuni yangu: unachofikiri kaa nacho. Niandikacho ni nilichosikia.

Kwa hiyo ukungu ukishuka, msinisemeshe. Nakaa na kutega sikio mpaka madirisha yaonekane tena na nyumba za jirani zirudi mahali pake. Mpaka leo, mluzi sijausikia. Basi nafurahi, naita chai.